Bwana Harusi Naye Ana Uso

Alhamisi, 6 Juni
Aibu! Bwana harusi wa mwezi uliopita kaja studio kuchukua albamu. Akapekua, akapekua. Kisha akaniuliza kwa adabu zote, "Kaka, hili bega ni langu?" Lilikuwa lake. Picha mia mbili, naye anaonekana katika tisa, sita kati ya hizo akiwa nyuma ya taji la bibi harusi. Nimeapa: bwana harusi wa Jumamosi hii, Afdal, ataonekana. Mke wangu Gusnimar, mpambaji wa maharusi, akasema uso wa mwanamume ni kazi ya dakika mbili. Tutaona!

Ijumaa, 7 Juni
Nimempeleka Afdal bonde la Sianok kwa mazoezi. Kijana mzuri, fundi wa kutengeneza cherehani. Mbele ya kamera, anakenua kama anayeng'olewa jino. Nikamwambia amfikirie mchumba wake, Rahmi. Akalia. Nikamwambia afikirie rendang, ile nyama ya nazi na viungo. Akafumba macho. Nikakata tamaa, nikamuuliza tu habari za kazi. Loo! Akaanza kunieleza cherehani ya miguu, uso ukachanua. Nimepata wazo. Wazo kubwa!

Jumamosi, 8 Juni
Nimeazima cherehani mbovu ya jirani, nikaiweka chumbani anakovalia bwana harusi. Nikamwambia aitazame tu. Kutazama! Sijamaliza kufuta lenzi, keshaifungua, mikono ya vazi la nyuzi za dhahabu kaipandisha hadi viwikoni. Picha mia na kumi, zote tamu. Wajumbe wa upande wa bibi harusi waliokuja kumchukua wakasubiri nje hadi ngoma zikachoka. Rahmi kakaa kiti cha maharusi peke yake saa nzima, taji la kilo nne kichwani. Afdal akafika na grisi puani. Betri ya kamera ikaisha. Picha za bibi harusi: nne. Moja kapiga chafya. Gusnimar hanisemeshi. Kanipakulia wali mtupu.

Jumatatu, 10 Juni
Rahmi kaja na mama yake. Nikajificha nyuma ya pazia la studio. Mama akamwambia Gusnimar kuwa mpiga picha huyu angepigwa yeye. Rahmi kakodolea picha moja: Afdal anacheka, bisibisi nyuma ya sikio. Hatimaye akasema, "Mama, ndivyo alivyokuwa siku ile alipokuja kutengeneza cherehani yako. Ndipo aliponiteka moyo." Akataka ikuzwe, itundikwe sebuleni. Nikalia. Pazia likaanguka nami.

Mama hakulainika. Keshokutwa Rahmi avalishwe upya, nimpige picha yeye, na yeye tu. Gusnimar kaniapisha mbele yao.

Jumanne, 11 Juni
Nimejifunza. Kesho ni Rahmi tu, basi. Ila baba yake atakuwepo. Mzee wa watu! Katika picha zote za Jumamosi hayumo. Nani aliyewahi kumjali baba mkwe? Ana uso mkavu kama kisiki, lakini nimedokezwa kwamba akiwa na nyuki wake hucheka mpaka machozi. Nimeazima mzinga. Umejaa.