Dereva Binafsi, Ufukwe kwa Ufukwe

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeona mwanga. Nimeuona kwenye simu, nikiwa nimekalia ndoo nje ya kinyozi nikisubiri zamu yangu. Tangazo la nchi za mbali zenye joto na minazi. Jamaa kavaa shati jeupe, kashika kibao chenye jina la mgeni. Mgeni anatolewa ufukwe mmoja anapelekwa ufukwe mwingine. Hasukumani na mtu, habebeshwi kuku wa mtu. Anapewa kitambaa baridi afute uso. Dereva ni wake peke yake mpaka mwisho wa safari. Nimelitazama hadi simu ikazima. Binadamu wamefika mbali!

Sasa basi. Chato kuna ufukwe. Mwanza kuna ufukwe. Katikati hakuna anayepeleka watu kwa kitambaa baridi. Mimi Ziwa Victoria sijawahi kuliona, lakini hilo si tatizo. Fundi wa suti za harusi si lazima awe ameoa.

Nimempigia Limi, mke wangu. Yuko Didia kwa mama yake tangu Juni, nilipogeuza kitanda chetu kuwa kiota cha bata mzinga. Nimemwambia nina kazi, usafirishaji. Akasema: "Nkwabi, siku ukiwa na kazi ninayoweza kumweleza mama bila kuinamisha kichwa, nitarudi. Ukileta mpango mwingine, usinipigie tena."

Nimemwelewa kabisa. Huu si mpango. Hii ni huduma. Nyumba bila Limi imepoa mno, hata kugombezwa natamani.

Jumanne, 5 Agosti

Gari limepatikana. Jirani yangu Mzee Sostenes, mzee wa kanisa, ana Noah nyeupe inayotoka Jumapili tu. Viti bado vimevaa nailoni za dukani. Amekubali tugawane mapato kwa sharti moja: asije akasikia harufu ya samaki humo ndani. Nikaapa. Samaki na mimi wapi na wapi?

Tangazo limechapwa na Nelly wa stesheneri. Minazi miwili, maji, na maneno: DEREVA BINAFSI, UFUKWE KWA UFUKWE. Nelly akauliza huo ufukwe wa Shinyanga uko upande gani. Nikamwambia achape tu.

Masudi kalisoma. Masudi ana Alphard yenye mapazia, hubeba wakubwa wa migodini, huvaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Alivua miwani, akasoma, akarudia kusoma, akaivaa. Akaondoka zake. Dharau ya namna hiyo! Nimekwenda moja kwa moja mitumbani nikachagua shati jeupe kuliko yote.

Jumatano, 6 Agosti

Mteja! Anaitwa Eunice, ananunua dhahabu Geita. Tangazo kaliona kwenye status ya Nelly. Sauti yake ni ya mtu asiyezoea kusubiri, lakini alipofika kwenye habari yenyewe ikalainika. Alizaliwa Didia. Mama yake alifariki angali mdogo, akalelewa na majirani watatu kwa zamu: huyu alimlisha, huyu alimvisha, huyu alimsukuma shule. Wote watatu hawajawahi kuona ziwa. Anataka waone kabla macho hayajachoka. Niwachukue Didia, nimpitie yeye Geita, twende ufukwe wa Chato, kesho yake ufukwe wa Mwanza.

Nikauliza majina, niandike kwenye kibao. Akasema andika "Mama Zangu", watajua wenyewe. Nimeandika kwa wino mwekundu. Didia ni kubwa, wanawake wamejaa, sikuuliza zaidi.

Shati linakauka kwenye kamba. Nimelitazama kwa muda mrefu. Sikujua kama naweza kuwa mtu wa namna hii.

Alhamisi, 7 Agosti

Ole wangu.

Nilisimama Didia kando ya lami, shati jeupe, kibao juu. Wakaja wanawake watatu wa vitenge vipya. Wa kwanza Bibi Zipora, mfupi, na fimbo yake. Wa pili Mama Salome, kicheko kikimtangulia. Wa tatu mama mkwe wangu.

Asiye Msukuma hawezi kujua. Mama mkwe hapewi mkono. Huli naye sinia moja. Humtazami machoni. Ukimwona njiani unajitupa pembeni mpaka apite. Tangu nioe sijawahi kumsogelea karibu zaidi ya upana wa zizi. Na mimi nimeinua kibao kinachosema Mama Zangu! Nikakitupa majanini, nikachuchumaa, nikayaamkia matairi kwa Kisukuma, "mwangaluka, mayu". Yeye akageukia nguzo ya umeme, akaiitikia.

Nilifikiria kukimbia. Lakini kule nyumbani kwao Limi alikuwa amesimama mlangoni, mkono juu ya nyusi, anatazama ni dereva gani anayembeba mama yake. Nikafungua mlango wa gari nikiwa nimefumba macho.

Mama mkwe alikwenda kiti cha nyuma kabisa. Nikakaa kwenye usukani, nikainua uso. Kioo cha kutazamia nyuma kimejaa paji lake la uso! Nikakigeuza kitazame paa. Hapo amani ikarudi.

Akiwa na neno anamwambia Mama Salome, na Mama Salome ananiambia mimi. Kabla ya Kahama nikasikia kwa mbali "mwambie dereva kuna ng'ombe", kisha karibu yangu, "dereva, kuna ng'ombe". Habari ilipofika, ng'ombe nao walikuwa wamefika. Hakuna aliyeumia. Geita tumempata Eunice, tumelala hapo, mimi kwenye gari. Mgongo wote una alama za nailoni.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Sijui niandikeje.

Barabara iliteremka, nikaona bluu. Nikadhani ni bati la ghala jipya. Bati halikuisha. Nikapunguza mwendo, nikasimama kabisa katikati ya njia, na hakuna aliyenilaumu. Ni maji. Yote yale ni maji! Mimi niliyezoea kupanga ndoo bombani alfajiri na kugombania nafasi. Yamekaa tu, hayana mlinzi, yanafika mpaka mbingu inapoanzia, na yanang'aa. Bibi Zipora alisema kwa Kisukuma kwamba Mungu hakuwa na haja ya kufanya hivi, sisi tungemshukuru hata kwa bwawa. Kisha akalia. Mama Salome, ambaye tangu Didia hajafunga mdomo, akafunga. Eunice anayeliona ziwa kila wiki aliweka simu chini. Mimi nililowesha kola ya shati langu jeupe, na sioni aibu kuandika.

Ingeishia hapo ningekuwa mtu mwenye heri.

Ufukweni nikamkuta Masudi. Ameleta wageni wake, Alphard imerudishwa kinyumenyume hadi karibu na maji, wageni wanashuka wanakanyaga mchanga. Kumbe ndivyo inavyofanywa! Nami nikageuza, nikaanza kurudi nyuma, nisogee zaidi yake. Kioo cha katikati kinatazama paa. Kwenye kioo cha pembeni naona bluu tupu. Nikadhani ni anga, nikaendelea.

Baadaye nimeambiwa kwamba mama mkwe alisema "mwambie dereva maji yako nyuma". Alirudia, na akarudia tena. Lakini Mama Salome alikuwa dirishani ameduwaa, hasikii kitu cha dunia hii. Na mama mkwe, kwa heshima zake, hakuweza kunipigia kelele mimi mwenyewe. Nikasikia matairi yamelegea. Nikasikia ubaridi miguuni. Kisha sauti ambayo tangu nioe haijawahi kunisemesha, tulivu kabisa:

"Nkwabi mwanangu, tumeingia ziwani."

Nikageuka bila kufikiri. Tukatazamana. Ana macho ya Limi, yale yale. Amepakata viatu vyake, maji yanacheza kwenye vifundo vyake vya miguu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokewa ugenini kwa heshima asiyoitarajia. Nikazitazama soksi zangu haraka.

Masudi ndiye aliyetuvuta kwa kamba. Hilo tu lingetosha kuniua. Lakini akavua miwani, akamwambia Eunice kwa sauti ya upole kwamba Alphard ina nafasi, ina ubaridi, na haina maji. Eunice akachukua mkoba wake. Nikajua imekwisha. Kabla ya jua kuzama Didia nzima itakuwa imesikia kwamba mkwe amemtumbukiza mama mkwe ziwani, na Limi hatapokea simu yangu tena mpaka nizeeke. Nilisimama kwenye mchanga nikidondosha maji.

Ndipo mama mkwe akageukia upande wa vilima, mbali nami, akasema na Mama Salome. Mama Salome safari hii akasikia. Akarudia mbele ya wote, neno kwa neno:

"Anasema huyu kijana amekubali gari lizame kuliko kumvunjia heshima. Anasema atakwenda naye huyu huyu mpaka mwisho."

Eunice akarudisha mkoba. Masudi akavaa miwani.

Jumamosi, 9 Agosti

Eunice sasa anakaa mbele pamoja nami na ndiye kioo changu. Anatazama nyuma, anasema "pita", "ngoja", "pita".

Tumevuka daraja la Busisi. Wanadamu wamechukua barabara wakailaza juu ya ziwa, na ziwa limekubali! Niliendesha polepole sana, nimebana pumzi, nikiogopa kulishtua. Malori nyuma yetu yalipiga honi hadi yakachoka. Mama mkwe akauliza kupitia Mama Salome ni nani aliyelishikilia daraja lisizame. Nikajibu kupitia Mama Salome kwamba ni wataalamu. Akasema wasalimiwe.

Mwanza mawe yamepandana juu ya mawe, makubwa kuliko nyumba, na watu wanapita chini yake wananunua vocha. Kwenye ufukwe niliwapa akina mama vitambaa baridi, nikampa Bibi Zipora ampelekee mama mkwe. Wote watatu walikaa kwenye mchanga, miguu majini, hawakuongea mpaka jioni. Nimewahi kubuni mambo mengi. Hili ndilo la kwanza lililofanya watu wanyamaze kwa furaha.

Jumapili, 10 Agosti

Tumerudi salama. Mzee Sostenes alifungua mlango wa Noah, akavuta pumzi, akafunga. Akavuta pumzi tena dirishani. Chini ya nailoni ya kiti cha nyuma amekuta dagaa. Ametia ufunguo mfukoni, akaniambia kazi ya ufukwe imeishia hapo.

Jioni Limi akapiga mwenyewe! "Mama anakusifu tangu alipofika. Anasema una heshima kuliko wakwe wote wa Didia. Nakuja Jumatano. Kazi hiyo hiyo, Nkwabi. Usiongeze kitu." Nikaapa kwa ziwa. Nilipokata simu nikafagia nyumba yote, hata manyoya ya bata mzinga nyuma ya kabati. Habari ya ufunguo sikumtajia. Kwa nini nimharibie safari?

Jumanne, 12 Agosti

Siwezi kuacha kufikiria ziwa. Watu wangapi Shinyanga wataishi na kufa bila kukanyaga mchanga ule? Na mimi sina gari.

Halafu mwanga! Kama watu hawawezi kupelekwa ufukweni, ufukwe si unaweza kuletwa? Nimeagiza lori zima la mchanga wa mtoni kwa pato langu lote la safari. Sijaongeza kitu. Ni kazi ile ile, nimebadilisha tu kinachosafiri. Limi ataona kwa macho yake kile mama yake alichokiona. Huu si mpango.

Jumatano, 13 Agosti

Lori lilikuja nikiwa ndani napiga pasi shati jeupe. Dereva aliuliza amwage wapi, nikapaza sauti: mbele ya nyumba. Amemwaga mbele ya nyumba. Mlango wetu unafungukia nje, kwa hiyo kwa sasa haufunguki. Lakini nautazama ufukwe wangu kupitia nondo za dirisha na moyo umejaa. Mweupe, mkubwa, unameta juani! Minazi na maji nitatafuta wiki ijayo.

Limi amefika kwa bodaboda, begi kubwa mapajani, kitenge kipya. Ni mzuri kuliko nilivyokumbuka. Ameutazama mchanga. Ameutafuta mlango. Ameniona mimi dirishani. Nimemwambia karibu mke wangu, vua viatu, umefika ufukweni.

Hakuvua. Kaduwaa vile vile kama sisi siku ile Chato. Kisha akapanda tena bodaboda, begi na yeye, wakashika njia ya Didia kwa mwendo mkali. Bila shaka anamfuata mama yake aje naye aone.