Kugonga kwa Pikapu na Jicho la Mama Mkwe

Jumatano, 3 Agosti 1994

Pikapu imeanza kugonga. Ko. Ko. Ko-ko-ko. Chini ya sakafu, nikiondoka na nikipandisha mlima. Wakati mbaya kabisa! Jumatatu nampeleka mama mkwe hospitali Kericho. Madaktari wa macho wanakuja, wanaandikisha wagonjwa asubuhi hiyo tu, basi. Akikosa ni mpaka mwaka ujao, na mama sasa haoni hata uso wa mtoto wake.

Kazi hii niliipigania mbele ya ukoo mzima. Robert, aliyemwoa dada ya mke wangu, alikuwa amejitolea na pikapu yake mpya. Nikamwambia akae chini, mimi ndiye mkwe wa kwanza. Kwa hivyo huu mlio hakuna mtu atausikia. Hakuna!

Alhamisi, 4 Agosti

Nilimwona Nyamwange, fundi wa hapa sokoni Ndanai. Alilala chini ya gari, akatoka na matope mgongoni, akasema ni giaboksi. Obure, fundi wa pili, akalala yeye pia, akasema giaboksi gani, hii ni difu, kule nyuma kati ya magurudumu. Wakaanza kuulizana nani aliwafundisha kazi. Kitu kimoja tu walikubaliana: niache gari kwao mpaka Jumanne. Jumanne! Na Robert anapita hapo kila siku na maziwa!

Nikaondoka, nikatumia akili yangu. Mmoja analaumu mbele, mwingine nyuma. Katikati kuna propela tu, ule mchuma mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma, na propela hakuna aliyeitaja. Mafundi wawili wakikosana, maana yake gari ni nzima. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 5 Agosti

Chelimo, mke wangu, ameusikia. Aliuliza ni nini kinagonga. Nikasema ni jembe, liko nyuma. Akaenda kuangalia. Hakuna jembe. Nikasema limeibwa. Sasa anasumbua majirani juu ya jembe.

Lakini dawa nimepata. Gari ikibeba mzigo inagonga, ikiwa tupu inanong'ona. Jumatatu hakuna kubeba kitu. Na redio juu.

Jumapili, 7 Agosti

Nje ya kanisa Robert alinijia pole pole, akasema kama kuna shida na gari niseme, yake iko. Maneno ya upole namna hiyo! Nilimjibu kwamba gari yangu ilikuwa inapanda Kericho yeye akipanda baiskeli. Watu walicheka. Nilijisikia vizuri mpaka nikawasha gari kuondoka. Ko!

Jioni nimemwambia Chelimo abaki, asije Kericho. Singeweza kumwambia yeye ni mzigo, kwa hivyo nikasema asubuhi kuna baridi. Alishika kiuno. Aliuliza mimi na mama yake tutaongea vipi. Ni swali la haki. Kwetu, mama mkwe wa zamani kama huyu haongeleshi mkwe wake, wala mkwe hamwongeleshi. Ni heshima. Maneno yote hupita kwa Chelimo. Nikamwambia barabara ya Kericho haihitaji maneno.

Jumatatu, 8 Agosti

Naandika kwa uchungu.

Tuliondoka alfajiri na mvua. Mama alikaa kando yangu, amegeuza uso dirishani, amepakata kuku wa kumpa daktari. Redio ikakataa baada ya Sotik. Tukabaki sisi na ko-ko-ko.

Mbele kidogo, chini ya gari, tik! Mama akamwambia kuku kwamba kama kungekuwa na mtu wa kuambiwa, yeye angesema kitu kimeanguka. Si aliongea na kuku? Mkwe mwenye adabu hajibu maneno ya kuku. Darajani, tik ya pili. Mama akamwuliza kuku kama watu wengine wana masikio. Nilikaza macho barabarani. Tik ya tatu, mama alianza kuomba kwa sauti ya chini.

Tukianza mlima wa Litein, kukatokea kishindo, jameni! Injini inalia, gari haiendi. Ikaanza kurudi nyuma. Nilivuta breki mpaka mkono ukauma. Nikashuka. Propela ilikuwa imelala kwenye matope, bolti zote zimetoka.

Niliipakata kwenye mvua kama mtoto mgonjwa. Nilimtazama mama kupitia kioo, ameketi wima, anangoja macho yake. Mwaka ujao ni mbali kwa mtu wa umri wake. Niliogopa, haki ya Mungu, niliogopa vile sijawahi. Na hata pole singeweza kumwambia.

Aliyefika ni Robert. Chelimo alikuwa kando yake. Ndiye aliyemwamsha Robert mara tu nilipotoka. Hakunitazama. Mama kusikia sauti ya binti yake akafunguka: bolti ya kwanza mahali gani, ya pili wapi, ya tatu wapi. Robert aliuma mdomo asicheke. Wakaondoka. Nimesikia walifika geti likifungwa, na mama aliandikwa wa mwisho.

Alhamisi, 11 Agosti

Mama amerudi kwake, na gari ya Robert. Alipasuliwa jicho moja, na linaona! Alimshika Chelimo mashavu, akamtazama sana, akasema mtoto wangu, umezeeka. Wakalia wote. Akataka kupelekwa nje, aone majani chai yake shambani. Mimi nilisimama mbali, kofia mkononi, kama inavyotakiwa. Alimwuliza Chelimo yule aliyekonda pale mlangoni ni nani, na ameshakula? Nilizunguka nyuma ya jikoni, nikalia peke yangu.

Jicho la pili ni Novemba, madaktari wanarudi kwa walioandikishwa tayari tu. Robert amejitolea. Nimesimama, nimekataa mbele ya wote. Propela nimeirudisha mwenyewe, bolti mbili na waya ya uzio, imekaza kabisa. Dawa ni kupunguza uzito zaidi: kuku atabaki. Na kwa vile mama sasa anaona, Chelimo pia hana haja ya kuja.