Kifo cha Nana Chole

Jumatatu, 10 Machi

Hili sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio: Nana Chole hayupo. Yule bibi wa video za duka letu la mikate nimemtengeneza kwa simu. Uso wa kompyuta, sauti ya kompyuta. Kihispania anachokisema tu ndicho changu.

Ningefanyaje? Picha za mikate hazitazamwi tena. Siku hizi mtandao unataka video, na video inataka uso. Ng'ambo ya barabara Brisa anacheza mbele ya kamera, trei ya mikate kichwani, duka la mjomba wake linafurika. Mimi nikiona kamera shingo inaota madoa. Na Mama kasema mambo yakibaki hivi, Pasaka tunafunga duka. Sasa mji mzima wa Tucson unampenda Nana. Mama anaamini ni bibi wa mwanafunzi mwenzangu.

Jumatano, 12 Machi

Balaa. Jirani yetu Bi Eduviges kaja na shali aliyoifuma mwenyewe, ampe Nana mkononi. Nikasema katoka. Akasema basi atamsubiri. Alisubiri saa mbili, akala keki tatu. Brisa naye akapita, akauliza kwa sauti tamu mbona Nana ana vidole sita kwenye video ya jana.

Nimehesabu. Ni sita.

Ijumaa, 14 Machi

Dawa imepatikana. Marehemu hatembelewi wala hahesabiwi vidole. Nimeandika kwenye ukurasa wetu kwamba Nana katutoka alfajiri, kwa amani, unga mikononi. Leo nimekula nikashiba.

Jumamosi, 15 Machi

Nilisahau jambo ambalo hakuna mtoto wa mtaa huu anayelisahau. Mtu akifa, watu husali rozari siku tisa nyumbani kwake. Na kwa wanaotazama video, nyumbani kwa Nana ni dukani kwetu.

Saa tatu asubuhi, kina mama arobaini mlangoni. Rozari, sufuria za maharage, viti vyao wenyewe. Bi Eduviges, macho mekundu, akamuuliza Mama mwili uko wapi. Mama akauliza mwili gani tena, jirani. Kisha akanigeukia.

Nikasema uko Hermosillo, ng'ambo ya mpaka. Sijui kwa nini.

Mama aliwamiminia kahawa. Kila Salamu Maria kumi zikiisha, ananitazama. Brisa kapiga magoti mstari wa mbele, anahesabu sala kwa vidole, polepole, nione.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya pili ya matanga. Mikate imeisha saa nne, waombolezaji wanakula. Mama kasema sala zikiisha nimsubiri chumbani, na simu yangu. Akijua, atasimama mbele ya mtaa mzima aombe radhi. Namjua. Na hapo nani atanunua kwetu?

Nimelia. Nimeapa sidanganyi tena.

Halafu nikawaza: aliyezikwa Hermosillo hakosi ndugu huko. Dada pacha. Mtawa wa ndani, hatoki, hapokei wageni, anaoka tu. Nani atadai kumwona? Video yake imeshapanda mtandaoni. Mia nane wameitazama.

Nyayo ngazini. Si za Mama peke yake, nasikia na shanga za rozari zikigongana. Daftari chini ya godo