Uzinduzi wa Bustani Mchanganyiko

Ndugu Mgeni Rasmi kutoka Mkoani, Ndugu Katibu Kata wa TANU, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mabalozi wa Nyumba Kumi Kumi, wazee wetu wa mila, shikamooni, akina mama wa UWT, wanamgambo mliosimama wima tangu saa mbili, na ninyi wakulima mliochelewa kwa sababu mnazozijua wenyewe, TANU yajenga nchi! (Yajenga nchi!)

Mimi Hezekia, Bwana Shamba wenu, mwenye cheti na semina mbili za Musoma, nimesimama kuzindua Mradi wa Bustani Mchanganyiko, ambao kwa mujibu wa plani ya progremu ya kamati ndogo ya utekelezaji, unakusanya ndani ya uzio mmoja nafaka ya wimbi, kunde, maboga, mgagani, nyuki na hata ndege, ili ardhi isichoke, na jua likikausha hiki, kile kibaki. (Makofi. Mama mmoja: "Si ndivyo bibi zetu walilima?") Ndivyo, mama, lakini walilima bila plani! (Kicheko.)

Takwimu hazidanganyi. Tulichomeka vigingi mia mbili arobaini vya kupimia mistari, na kwa kuwa tulivikata kwenye manyara mabichi, ile miti ya uzio, vyote vimechipua, yaani asilimia mia moja, kiwango ambacho hata wenzetu wa Nkende hawajakifikia. (Mzee Tomaso: "Na kunde je, Bwana Shamba?") Mzee wangu, kunde ni awamu ya pili.

Tunaye hapa Mama Wegesa, ambaye mwezi uliopita nilimwandikia amri ya kung'oa bustani yake ifikapo kesho, kwa kosa la kupanda ovyo bila mistari. Niliiita pori. Nilisema inafuga nyoka. (Wegesa: "Miaka kumi na miwili nalilima hilo pori, mwanangu. Nikiling'oa, watoto watakula nini?") Nimekusikia, mama, na aibu imenishika.

Kilimo! (Cha kufa na kupona!) Uhuru! (Na kazi!)

Mwisho ni shukrani. Ahsante Mgeni Rasmi kwa kuitembelea bustani asubuhi, ukaisifu, ukala mboga yake ya mgagani na kuongeza mara mbili. Ahsante zaidi Mama Wegesa kwa kutufungulia lango, maana, Ndugu Mgeni Rasmi, bustani uliyoisifu ni yake. Ya Mradi haijapata kupandwa hata punje moja. Ile amri naichana mbele yenu. (Vigelegele.) Sasa, mama, nitapata wapi mbegu?

(Wegesa: "Njoo kesho mapema. Kwanza utapalilia, habari ya mbegu tutaongea baadaye.")