Sarakasi ya Bure Chini ya Boma

Jumatano, 21 Januari 1914

Mvua hakuna. Vumbi limeingia hadi kwenye uji. Hanna, mke wangu, bado yuko kwa baba yake, kijijini Kikwe.

Leo magari mawili ya ng'ombe yameingia mjini kutoka Moshi. Mzungu mwembamba mwenye masharubu, mke wake, farasi aliyekonda, na tundu la chuma lililofunikwa turubai. Ndani ya tundu kitu kinahema. Wahindi wa dukani wanasema hiyo ndiyo sarakasi: watu hutembea juu ya kamba na wanyama hucheza ngoma. Itaonyeshwa Jumanne jioni, sikukuu ya kuzaliwa Kaisari wa Wajerumani, kiwanjani chini ya Boma, ngome ya serikali. Bure! Bwana Mkubwa wa Boma ameamuru watu wote waje wafurahi.

Nikapata wazo papo hapo. Hata uji sikumaliza.

Hanna aliondoka baada ya kumzika Ruth wetu, ambaye alikuwa hajaanza hata kutambaa. Alisema hawezi kuomboleza karibu na mtu asiyetulia. Ni kweli siku zile nilikuwa na shughuli. Nilianzisha mradi wa njiwa, nikidhani utamchangamsha. Njiwa nao wakafa.

Mpango sasa ni huu: Hanna anione mbele ya mji mzima, nikiwa mtu mwenye cheo. Atarudi mwenyewe.

Alhamisi, 22 Januari

Mzungu wa sarakasi anatafuta mkalimani. Nimefika mbio kutoka nyumbani Elerai, na nani nimemkuta pale? Aminieli! Msaidizi wa mwalimu wa misheni, na kofia yake, na viatu vyake. Huyu Kidachi, lugha ya Wajerumani, anakijua kweli. Mimi changu ni cha nyimbo za kanisani na cha jikoni kwa mama mchungaji.

Nikamvuta mzungu pembeni nimweleze kwamba Aminieli ana upele. Neno la upele kwa Kidachi silijui. Nikamwonyesha Aminieli kwa kidole, kisha nikajikuna mwili mzima, kwa bidii. Mzungu alimwangalia Aminieli, akaniangalia mimi, akarudi nyuma.

Nimepata kazi! Aminieli ametuaga kwa adabu, akaondoka. Ndiyo tabia yake, kujifanya mtu mzuri.

Ijumaa, 23 Januari

Nimekwenda Kikwe kwa miguu. Hanna nilimwona kwa mbali migombani, anapalilia, mgongo umeinama. Miguu ikagoma kumfuata. Nikaingia kwa baba yake.

Mzee Sumari si mtu wa kuja kwenye michezo. Tena kiwanja kile hakipiti, huzunguka mbali. Miaka ya mwanzo Wadachi walifanya pale mambo ambayo wazee hawayasimulii, na kaka yake mkubwa, aliyeitwa Boma siku moja, hakurudi. Kwa hiyo nilijua nikimwambia habari za farasi na kamba atakataa, na Hanna naye hatakuja.

Basi nikamwamkia shikamoo, nikasimama wima, nikasema kwa sauti ya serikali: "Baba, Boma inakuhitaji Jumanne jioni. Wamekutaja kwa jina."

Heshima iliyoje! Mzee alifurahi mpaka akainamisha kichwa. Alikaa akiangalia mikono yake. Mwishowe akauliza kama anaruhusiwa kuja na binti yake. Nikamwambia anaruhusiwa, tena Boma itapenda sana.

Nimerudi nikipiga mluzi.

Jumapili, 25 Januari

Kanisani nimeambiwa kwamba Mzee Sumari amewaita ndugu zake wote na kuwagawia ng'ombe. Jirani mmoja amepewa mpaka jembe. Amewaomba msamaha hata watu waliomkosea yeye. Furaha humfanya mtu awe mkarimu! Sikujua kwamba mwaliko mdogo unaweza kumlainisha mzee mgumu namna ile.

Aminieli aliniuliza nimemwambia nini mkwe wangu. Nikamjibu kwamba wivu ni dhambi.

Jumanne, 27 Januari, asubuhi

Mzungu amefunua tundu. Ni mnyama ambaye sijapata kumwona. Mkubwa kama ndama, mweusi, jicho moja jeupe, manyoya yamemtoka mabegani. Fisi si fisi, nyani si nyani. Kwa Kidachi anaitwa "ber". Aminieli, aliyekuwa akipita kwa makusudi, anasema ni dubu, na kwamba mchungaji amewahi kuhubiri habari zake: huwararua watu.

Nikamchungulia. Akanitazama kama mfiwa anavyotazama wageni.

Leo jioni ndiyo siku yangu!

Alhamisi, 29 Januari

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Sababu itaonekana.

Watu walijaa. Waarusha wamekuja kutoka hata Ngaramtoni, Makaburu wamekaa juu ya magari yao, Bwana Mkubwa na wageni wake kwenye viti. Taa za mafuta zimetundikwa kwenye nguzo, na katikati ya nguzo mbili ndefu kamba imekazwa.

Mzee Sumari alifika amevaa shuka mpya, nyeupe, ameoga, anatembea polepole huku Hanna amemshika mkono. Hanna amekonda. Nikawapeleka mbele kabisa, kama nilivyopanga. Mzee aliitazama kamba ile kwa muda mrefu. Nikadhani anaistaajabia.

Hanna akatandika ngozi ya ndama. Akamkalisha baba yake upande wa kushoto, akakaa yeye, na upande wa kulia akaacha nafasi. Akaniangalia. Akaipapasa ile ngozi kwa kiganja. Nikampungia mkono kwa heshima, nikaenda kupanda pipa langu. Mkalimani hakai chini.

Kwanza mke wa mzungu akapanda kambani. Mzungu akasema maneno mengi, nami nikadaka moja: "Himmel". Hilo nalijua, ni mbingu! Nikatangaza: "Mama huyu anakwenda mbinguni!" Wanawake wa kanisani wakaanza kulia. Mmoja akaanzisha wimbo wa mazishi na wengine wakapokea. Yule mama akayumba kule juu, akashuka kabla ya kufika kati.

Kisha akaletwa dubu. Mnyororo ulikuwa mkononi mwa mzungu, na mzungu alikuwa amekunywa kidogo. Akawapungia watu wa mbele, akapiga kelele: "Zurück! Zurück!" Neno hilo halimo katika wimbo wowote. Lakini mtu akikupungia mkono, maana yake nini? Nikatangaza: "Bwana anasema sogeeni karibu!" Wakasogea. Mzungu akazidi kupiga kelele. Nami nikazidi: "Karibu zaidi! Msiogope!" Aminieli alikuwa anapunga kofia kutoka nyuma ya umati, anapaza sauti kwamba ni nyuma, nyuma! Nikajifanya sisikii. Mnyororo ukamponyoka mzungu.

Watu wakatawanyika kama kuku. Taa mbili zikaanguka. Walipokwisha kukimbia, mbele wamebaki wawili tu, Mzee Sumari na Hanna, na dubu amesimama usoni pa mzee, anamnusa.

Mzee akainuka. Hakukimbia. Akafunga shuka yake vizuri, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye viti vya Wadachi:

"Kumbe mimi mmeniletea mnyama. Kaka yangu mlimpa kamba. Haya, na aanze. Ila mwanangu mwacheni aende."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi juu ya pipa nikashusha mikono.

Dubu akampita mzee. Akazunguka, akajikokota, akakaa kwenye ngozi ya ndama, upande wa kulia wa Hanna, mahali palipokuwa wazi. Akashusha pumzi. Akatulia.

Hanna akamtazama. Akaweka mkono wake kwenye lile bega lisilo na manyoya. Akacheka, mara moja, kicheko kifupi. Kisha akalia. Alilia vile ambavyo hakulia hata siku tulipomzika Ruth. Siku ile alisimama kama mti. Alilia kwa sauti, ameegemea yule mnyama, na mnyama hakufanya lolote. Alikaa tu.

Nilitaka kushuka. Nasema kweli. Lakini umati ulikuwa unaniangalia, nikaona ni lazima mtu aeleze jambo. Nikatangaza kwamba hii nayo ni sehemu ya mchezo.

Aminieli ndiye aliyekwenda kwa mzee, akapiga magoti, akamweleza taratibu kwamba hakuna aliyemwita, ni sikukuu tu, ni mchezo wa bure. Mzee akauliza nani basi aliyesema ameitwa. Hanna, machozi yanamtiririka, akaonyesha pipa.

Mzee hakunitukana. Alikaa chini.

"Nimegawa ng'ombe wangu wote," alisema.

Askari wakanishusha. Siku mbili nimelala Boma. Nilitazamia hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, wakanipa kumi. Kwa ajili ya sikukuu.

Ijumaa, 30 Januari

Aminieli amekuja na mafuta ya dawa. Amenipaka mwenyewe, taratibu, wala hakutaja upele.

Amesema ndugu za mzee wamerudisha ng'ombe watatu. Wengine wanadai zawadi ni zawadi. Mzee hataki kula. Dubu amekwenda zake na magari, na haelekei kumaliza mwezi.

Tena ana ujumbe kutoka kwa Hanna. Aliusema akiangalia ukuta, kama mtu aliyeukariri njia nzima: "Mwambie Thomasi, Jumapili baada ya ibada nitakuwa nimekaa migombani. Aje. Asilete kitu, asiseme kitu. Aje mikono mitupu, akae."

Nilimwomba aurudie. Akaurudia. Baada ya kuondoka kwake nimelia kidogo, kwa sababu ya mgongo.

Jumamosi, 31 Januari

Sikulala. Nimewaza sana juu ya yule dubu. Alifanya nini ambacho mimi sikufanya? Nadhani siri yake ni manyoya.

Lakini asubuhi nimesikia habari kubwa. Mgiriki mmoja, mwenye shamba njia ya Moshi, ana sanduku linaloimba! Unazungusha mkono wa chuma, na kwenye pembe ya shaba inatoka sauti ya mtu. Nimekwenda, nimeliona, nimekubaliwa kuliazima kesho, nami nitamlimia kahawa mpaka masika. Hanna atastaajabu. Mzee atasahau ng'ombe.

Maneno ya Hanna nimeyapima moja moja, na nitayatii yote. Alisema nisiseme kitu: sitafungua kinywa, sanduku ndilo litakaloimba. Alisema niende mikono mitupu: nimeshapata wapagazi wanne.