Saizi M ya Nani?

Jumatatu, 4 Septemba 2017. La Rochelle

Hatimaye Johannesburg imenihitaji. Imechelewa sana, lakini imekuja.

Saa nne asubuhi Mama Célestine wa kanisani aliingia chumbani ninaposhonea, mkononi glavu mbili za mpira za kuoshea vyombo. Moja ya njano, moja ya kijani. Zote zimeandikwa M. Ya njano inakwama kwenye vifundo vya vidole. Ya kijani ungeweza kutia kabichi. Akaniuliza mimi, kama fundi cherehani, ipi inasema kweli.

Hakuna. Viwanda vya glavu vinaendeshwa na watu ambao hawajawahi kuona mkono.

Mama Célestine anasafisha nyumba za watu kule kaskazini mwa jiji, na dawa za kusafishia zimempasua ngozi ya vidole. Kliniki wamemkataza kugusa maji ya sabuni bila glavu. Jumamosi ni harusi ya Arlène, binti wa pasta, na yeye ndiye ataongoza akina mama wengine watano kuosha masufuria. Alinieleza haya yote kwa kirefu. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja tu: huyu ndiye mwenyekiti wa kamati itakayochagua fundi wa majoho ya kwaya. Majoho arobaini. Mpinzani wangu ni Brigitte wa Turffontein, ambaye hushona mikono ya gauni kana kwamba Mungu alisahau kuumba viwiko.

Nikamwambia aniachie mimi. Kila mama atapata glavu za kumkaa kama ngozi yake. Nikampima mkono wa kulia mara tatu, nikikaza futi. Alikunja uso. Watu hawajazoea ustadi.

Jumanne, 5 Septemba

Uchunguzi. Nimeenda supamaketi, nikafungua pakiti za kampuni tatu na kuzipima zote kwa futi. Matokeo: M ya kwanza ni S ya pili, na S ya pili ni kubwa kuliko L ya tatu. Vichaa watupu.

Mlinzi akaja. Mkongo mwenzangu, kutoka Lubumbashi. Aliniita papa kwa heshima zote, akaomba nirudishe pakiti na nitoke polepole, watu wasitazame. Watu walitazama.

Nikiwa narudi nilimpita Bakiri, yule Mtanzania anayeuza sabuni, brashi na glavu kwenye kona. Utaratibu wake ni huu: anamwaga glavu zote juu ya turubai, mteja anachovya mkono katika moja, ikikataa anachovya katika nyingine. Hakuna futi. Hakuna namba. Akasema niwalete akina mama wangu wajaribu. Nilicheka hadi nikakohoa. Mtu wa kuuza brashi ananifundisha vipimo!

Jumatano, 6 Septemba

Mpango kamili. Nimenunua katoni ya glavu kubwa kuliko zote, nikafuta L zote kwa spiriti. Kwenye maombi ya mchana nimewapima akina mama wengine watano, mkono wa kulia, mmoja mmoja. Nimeanzisha saizi zangu mwenyewe: Gaston Moja hadi Gaston Sita. Sasa kazi ni kuzipunguza kwa cherehani.

Mwanzoni mpira uliganda kwenye mguu wa mashine. Nikapaka poda ya watoto, ukateleza vizuri. Nimetumia sindano nyembamba kabisa na mshono wa karibu karibu. Viwanda vikiona vitaona aibu.

Alhamisi, 7 Septemba

Mama Célestine amevaa Gaston Mbili. Zimemkaa! Alifungua kiganja, akafumba, akatabasamu, tabasamu la kwanza nililoliona kwake mwaka huu. Mimi tayari nilikuwa naona majoho arobaini yanaingia kanisani mawili mawili.

Akauliza kama hatupaswi kuzijaribu kwanza kwenye maji. Nikamuuliza kama yeye akishonewa suti huipeleka mtoni. Akacheka, akaondoka na jozi zote sita.

Ijumaa, 8 Septemba

Brigitte amepita, eti kuazima mkasi. Akaona vipande vya mpira sakafuni. Akaokota kimoja, akakiinua kwenye dirisha na kuangalia mwanga kupitia matundu ya sindano. Akauliza kwa upole kama nina hakika.

Wivu. Sikumpa mkasi.

Jumamosi, 9 Septemba

Harusi ilikuwa nzuri, wameniambia. Mimi nilikuwa uani kwenye masufuria, nimekuja kupokea sifa.

Kwa dakika kumi sifa zilikuja. Kisha glavu zikaanza kunenepa. Maji yalikuwa yanaingia kwenye mishono, na kwa kuwa nilibana sana pale kwenye kifundo cha mkono, hayakutoka. Mama mmoja aliinua mkono wake ukawa kama kiwele cha ng'ombe. Wengine walicheka, wakazivua. Mama Célestine hakuvua. Alidhani ni jasho, na alikuwa amenisifu mbele ya watu. Alisugua sufuria la tatu, la wali ulioungua, vidole vikiwa ndani ya sabuni ile ile aliyokatazwa.

Alipozivua, maji yalitoka ya rangi ya waridi. Mikono imewaka nyekundu, nyufa zimefunguka zote. Nikawahi kueleza kwamba tatizo ni sabuni, ni kali mno.

Akanitazama. Hakupandisha sauti.

“Papa Gaston, ulinipima mara tatu. Hata mara moja hukuniuliza kama panauma.”

Mimi sijawahi kukiuliza kitambaa chochote kama kinaumia.

Nani alimwita Bakiri, sijui. Alikuja na gunia, akamwaga glavu zake juu ya meza. Dakika tano, kila mama ana yake. Mama Célestine aliwekwa kitini, mikono kwenye taulo safi, lakini naye akachaguliwa za kwenda nazo kazini Jumatatu: kulia L, kushoto M. Mikono yake hailingani. Bakiri alitenganisha jozi mbili bila hata kunung'unika.

Hailingani! Jambo kubwa kama hilo, na mtu ananificha.

Jumapili, 10 Septemba

Kamati imekaa baada ya ibada. Majoho amepewa Brigitte. Kura zote.

Mama Célestine alikuwa kiti cha mbele, bandeji mikononi, anashindwa kugeuza kurasa za kitabu cha nyimbo. Jirani yake alikuwa anamgeuzia. Jambo hilo lilinisumbua ibada nzima. Nikamfuata mlangoni kumwomba msamaha. Nilipofungua mdomo, nikajisikia nikimweleza kwamba mpira wa siku hizi ni dhaifu. Alisema sawa, papa, akaenda zake.

Brigitte naye akaniita pembeni. Eti majoho ni mengi, angependa nimsaidie kushona kola. Kola! Nikamwambia nina shughuli.

Jumatatu, 11 Septemba

Na shughuli imepatikana. Pasta ameletewa zawadi ya suruali ya mpira inayofika kifuani, ya kuvaa anapobatiza bwawani, maana maji ni ya baridi na magoti yake yanamsumbua. Imeandikwa L. L ya jitu. Pasta ni mfupi na mwembamba. Alitaka kuirudisha dukani.

Nimemzuia. Nimeichukua niipunguze, kiunoni na mapajani, mishono miwili miwili safari hii. Ubatizo ni Jumapili, kanisa zima litakuwepo, pamoja na kamati na Brigitte.

Pasta aliuliza kama tutaijaribu kwanza kwenye maji. Nilimshangaa sana. Mtu wa imani kama yeye.