Maktaba ya Kodiani ya Vince Terlep

Josie Zalar, ambaye dirisha la jiko lake linatazama gereji ya Albina Gorjanc, anadai kwamba siku Vince Terlep aliposhuka kwenye gari lake na viatu vyeupe katikati ya theluji, yeye alijua papo hapo kuwa yule ni tapeli. Anasema alimwambia paka wake. Anasema alitaka kushika simu awaonye watu, ila mikono ilikuwa na unga. Tumwachie Josie unga wake. Ukweli ni kwamba yeye ndiye wa kwanza kumkabidhi Vince kodiani, tena akamwongezea nusu ya mkate uliojazwa kokwa za jozi.

Vince hakuja Cleveland kutafuta kodiani. Alikuja kuuza dawa ya kuondoa kutu, na dawa yenyewe ilikuwa siki iliyotiwa rangi. Biashara ilikuwa imelala, tumbo limeamka, na harufu ya samaki wa kukaanga ikamvuta hadi kwenye ukumbi wa kanisa, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima. Akachukua sahani, akakaa mwisho wa meza, akatega masikio. Tapeli wa kawaida hula kwa mdomo wake. Aliyeiva hula kwa masikio pia.

Aliyekuwa anasema ni Tess Mramor, mwanamke wa makamo anayekaanga samaki pale ukumbini.

“Mwalimu wa kodiani wa kule kwa matajiri anataka kwa saa moja kiasi ninachopata mimi kwa siku nzima,” Tess alikuwa akimwambia mzee Frank Hribar. “Na kodiani mpya ni bei ya gari.”

“Tafuta ya zamani.”

“Za zamani mmezilalia, mjomba. Kila nyumba mtaa huu ina moja chini ya kitanda, na haijaguswa tangu mwenyewe afe. Yako je?”

“Yangu niliiuza,” alisema Frank haraka. “Na hata ningekuwa nayo, nikupe wewe uipake mafuta ya samaki?”

Meza nzima ikacheka. Vince hakucheka. Maneno manne yalikuwa yamemwingia, yakavua viatu, yakakaa: kila nyumba ina moja. Kule Chicago alimjua mtu anayenunua kodiani kuukuu bila kuuliza zimetoka wapi, na mtu huyo alikuwa tayari kupokea mzigo Jumamosi yoyote.

Kabla kahawa haijaletwa, Vince alikuwa ameshaanzisha taasisi.

“Inaitwa Maktaba ya Kodiani,” alisema, amesimama, mkono kifuani. “Kitabu unaazima bure, sivyo? Basi kwa nini muziki wa baba zetu uwe wa matajiri? Nipeni zile zilizolala. Nitazisafisha, nitazikarabati, kisha yeyote anayetaka kujifunza ataazima bure na kufundishwa bure.”

Kisha akapita meza kwa meza, akimnong'oneza kila mmoja siri ileile: kodiani yako wewe ni ya aina adimu, itawekwa kwenye kabati la kioo, na wajukuu zako hawatapanga foleni. Hapo ndipo watu walipolainika. Walioshindwa kumwazima Tess, ambaye wamemjua tangu akiwa na upara wa utotoni, sasa walimkimbilia mgeni. Ya jirani unayajua. Mgeni ana kadi iliyochapwa kwa wino wa dhahabu.

“Basi tupigie kidogo, maestro, bingwa wetu,” alisema mzee Frank, ambaye ghafla alikumbuka kuwa kodiani yake hakuiuza sana.

Huu ungekuwa mwisho wa hadithi kwingineko. Vince hakujua kupiga chochote isipokuwa chenga. “Hapana, mzee,” akasema. “Mimi si wa kupiga mbele yenu.”

Ukumbi ukanong'ona kwa heshima.

Maana watu wa mtaa ule wana desturi yao. Mpigaji wa kweli haombwi mara moja akaketi. Atasema vidole vina baridi. Atasema wapo wanaomzidi. Anayekubali mara ya kwanza ni mwanafunzi, na anayejitolea bila kuombwa ni mlevi. Vince alikulia Joliet, kwa mama wa jamii hiyohiyo aliyeyahama mambo haya, lakini aliwahi kumsikia akisimulia jinsi mjomba wao alivyokuwa akikataa na kukataa, na watu wakimpenda kwa hilo. Nusu ile ya kisa ilimkaa kichwani.

Akaombwa tena, akasema vidole vina baridi. Akaombwa tena, akasema wapo wanaomzidi. Kila alipokataa alirefuka. Josie alianza kukumbuka kwamba alishamsikia redioni.

Ndipo akainuka Albina Gorjanc. Albina ni mjane wa Matija, aliyepigia ngoma za Ijumaa pale ukumbini hadi alipozikwa, na tangu hapo ukumbi una meza, una samaki, lakini hauna anayecheza.

“Sasa nakuomba mimi, kijana,” alisema.

Vince akafumba macho. “Kwa heshima ya marehemu, mama, siwezi.”

Wanawake wawili walitoa leso. Albina alimtazama kwa muda, kama mtu anayeangalia maziwa yasifurike.

“Njoo nyumbani,” akasema. “Matija aliacha saba.”

Wiki ile Vince alilala kwa Frank, akala kwa Josie, akakusanya kwa wote. Kodiani zilitoka chini ya vitanda, juu ya dari, nyuma ya mitungi ya kabichi. Kulikuwa na nyekundu zenye lulu za bandia, nyeusi zenye majina ya marehemu kwa shaba, na moja iliyokuwa imefanywa kitanda na paka wa Josie. Zote aliziweka kwenye gereji ya Albina, ambako Albina mwenyewe alimwambia asiogope, gari lake liingie ndani kabisa.

“Theluji inatoka ziwani,” alisema. “Kodiani ikiloa imekwisha. Pakieni humu humu.”

Vince alikaribia kumwonea huruma.

Mtu pekee aliyemsumbua alikuwa Tess. Hakuwa na kodiani ya kutoa, kwa hiyo alikuja na soseji.

“Mwalimu, mimi zamu yangu lini?”

“Wewe ni wa kwanza, dada.”

“Basi nianze na nini? Nisije nikakutia aibu.”

Vince akatafuta jibu hewani, akalipata. “Kupumua. Wengi wanakimbilia vitufe, ndiyo maana wanapiga kama mlango mbovu. Vuta, sukuma, polepole, bila sauti. Hata mto wa kochi unatosha.”

Josie anaapa kwamba kila jioni alimwona Tess, kwenye dirisha la jiko la Tess mwenyewe, amekumbatia mto, akiufinya na kuuachia, midomo imekazwa, huku viazi vikiungua. Hilo la Josie ni kweli. Vince naye, akipita barabarani, alimwona, akahisi kitu kimemkaba chini ya mbavu. Akalaumu soseji.

Jumamosi asubuhi gari lilikuwa limejaa hadi dari. Wazee waliopakia walikwenda zao. Frank alikuwa amelisogeza gari lenyewe ili mlango wa gereji ufungike, akampa Albina ufunguo, na Albina akautia mfukoni mwa aproni yake.

“Keti unywe supu, Vincent,” alisema jikoni.

“Nashukuru, mama, ila fundi ananisubiri. Hizi zinatakiwa kusafishwa.”

“Keti.”

Akaketi. Albina akamwekea bakuli, kisha akaketi mbele yake.

“Mtu wetu hukataa mara tatu,” alisema. “Ya nne huketi akapiga. Akikataa ya nne, ama ni mgonjwa ama hajui. Wewe ulimaliza sahani tatu za samaki, kwa hiyo mgonjwa siyo.”

Kijiko cha Vince kikasimama njiani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema inaishia kwenye gereji.

“Kama ulijua,” alisema baada ya kumeza, “mbona ukanipa saba?”

“Tangu Matija afe nimegonga kila mlango mtaa huu. Nikaomba, jamani azimeni kodiani, watu wajifunze, ngoma zinakufa na sisi tunatazama. Josie akasema yake ina nondo. Frank akasema yake ameuza. Umekuja wewe na viatu vyako, umezitoa zote, hata ile iliyouzwa. Sasa ningekuzuia vipi kabla hujamaliza kubeba?”

“Nipe ufunguo, mama, au nawaita polisi.”

“Simu ile pale ukutani. Waambie gari lako limejaa kodiani za watu, nawe hutaki kuzirudisha. Na usisahau kuwasomea namba za gari. Ya mbele na ya nyuma, maana nimeona hazifanani.”

Vince aliitazama simu. Kisha akaitazama supu, ambayo ilikuwa na urafiki zaidi.

“Unataka nini?”

“Maktaba. Si ulisema bure? Watu wanakuja mchana huu.”

“Mimi sijui kupiga.”

“Ndiyo maana hutafundisha. Nitafundisha mimi. Matija alikuwa anapiga, lakini nani unadhani alikuwa anamsahihisha? Wewe utabeba masanduku, utapanga viti, na utakaa mbele wakuone. Jina lako ndilo linalowaleta. Wakikuomba upige, kataa. Hilo unaliweza.”

Wakaja. Walijaa ukumbini hadi mlangoni, na waliotoa kodiani zao walikuwa wa kwanza kutaka kuona nani anaazima ipi. Josie alitaka kuirudisha yake nyumbani, “niikague tu,” lakini ilishakuwa mikononi mwa mtu, na mbele ya maestro akaona haya.

Tess alichagua ndogo, ile nyekundu ya Matija. Akaivuta. Mvukuto ulifunguka polepole, sawasawa, sauti moja ndefu isiyotetemeka.

“Nani amekufundisha kuvuta hivyo?” aliuliza Albina.

“Mwalimu,” alisema Tess, akamwonyesha Vince kwa kidevu.

Albina alilimeza hilo kama mtu anayemeza mwiba wa samaki.

Kisha akachukua kodiani nyeusi, nzito kuliko zote, akampakatisha Vince kama mwanafunzi mwingine, akampitisha mikanda mabegani. Vince akasukuma. Kodiani ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na watu wakatikisa vichwa kwa mshangao, maana hawakujua kuwa maestro ni mnyenyekevu kiasi cha kujifanya hajui.

“Mama Albina,” alinong'ona, jasho likimtoka. “Nimekaa. Nimebeba. Watu wamefurahi. Nirudishie ufunguo wangu, nakuomba. Au basi niambie lini.”

Albina aliinama, akakaza mkanda wa bega lake tundu moja zaidi, akageukia darasa.

“Mwanzo tena,” alisema. “Wote.”